Sarafu Isiyopokelewa Sokoni

Ndani kabisa ya Soko Mugdi mjini Garissa, kule ambako mabati na maturubai yamekutana juu ya vichochoro hata jua kali la mji huu huingia kwa vijipande tu, yupo mama mmoja anayeuza uunsi wa kufukiza, mafuta ya nywele na shanga. Chini ya meza yake ana mkebe wa majani ya chai uliobanduka rangi. Alipoufungua kunitafutia chenji, niliona kati ya vifungo na funguo zisizo na kufuli shilingi moja nyeupe iliyofifia. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, kidevu kimesuguliwa hadi kimekuwa laini. Upande wa pili simba anapita mbele ya milima, na chini yake mwaka, 1952. Nikamwuliza, "Hooyo, hii unauzaje?" Akaitwaa mkononi mwangu, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Hiyo haiuzwi, walaal. Ilikuwa ya aabo." Babake alikuwa akileta mbuzi mnadani. Septemba 1966, Kenya ilipotoa shilingi yake na ile ya Afrika Mashariki ikaanza kuondolewa, mzee alibadilisha pesa zake kama watu wengine, akabakisha hii moja. Kwa nini? "Hakusema," mama alinijibu, "na enzi zile mtoto hamwulizi aabo mambo ya mfukoni mwake."

Garissa mtu hawezi kuishika sarafu ya namna hiyo asiikumbuke nyingine, kwa sababu kila Ijumaa mji huu husoma kisa chake. Surat al-Kahf husomwa misikitini na majumbani, husikika kwenye simu zilizoegeshwa kando ya vikapu vya maziwa ya ngamia, na watoto wa duksi, yaani madrasa, huiandika kwa wino wa makaa kwenye mbao zao, wakaikariri kwa sauti hadi ikae kifuani, kisha ubao ukaoshwa tayari kwa aya nyingine. Vijana waliokimbia dhuluma ya watu wao waliingia pangoni pamoja na mbwa wao, wakalala. Jua likichomoza lilipita kuliani kwa pango, likichwa lilipita kushotoni. Nao waligeuzwa ubavu huu na ubavu huu, mbwa kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Walipozinduka waliulizana wamekaa muda gani. Siku moja, wakasema, au sehemu ya siku. Wakamtuma mmoja wao mjini na pesa ya fedha akanunue chakula kilicho safi, wakamsihi aende kwa upole asije akatambuliwa. Wafasiri wanasimulia jinsi muuzaji alivyoigeuza sarafu ile, akamwita jirani, jirani akamwita mwenzake, kwa kuwa ilikuwa ya mfalme aliyekwisha kusahauliwa. Kijana alijua ametoka nyumbani jana. Aliyemwambia ukweli ni sarafu.

Hapo ndipo ninapokiona chimbuko la hadithi zote za kusafiri katika wakati, na kisa hiki kina umri mkubwa kuliko mashine yoyote. H. G. Wells alipochapisha *The Time Machine* mwaka 1895, alimpa msafiri wake chombo chenye kiti na wenzo, lakini hakumpa jina. Msafiri yule anarejea kutoka enzi za mbali mno akiwa na maua mawili meupe mfukoni, na wasomi waliokaa mezani hawayatambui. Anapoondoka tena na kutoweka, maua yaliyonyauka ndiyo yanayobaki kwa msimulizi. Maua na sarafu vinatoa ushahidi wa namna moja. Lakini ipo tofauti ninayoijali sana. Msafiri wa Wells alitaka kwenda. Alijijengea chombo, akachagua saa ya kuondoka. Vijana wa pangoni hawakuchagua karne. Walitafuta usalama wa usiku mmoja, na dunia ikawapita wakiwa wamefumba macho. Watu wengi wa kaskazini mashariki ya Kenya wamesafiri kwa namna hii ya pili.

Tawfiq al-Hakim, mwandishi mkubwa wa tamthilia wa Misri, alikichukua kisa hicho akakitia jukwaani. *Ahl al-Kahf* ilichapishwa mwaka 1933 na kuigizwa Cairo mwaka 1935, na swali lake ni moja: vijana hawa wakishaamka, nani atawapokea? Yamlikha, mchungaji, anatoka kuwatafuta kondoo wake. Marnush anaitafuta nyumba ya mkewe na mtoto, amenunua na zawadi, anaambiwa mwanawe alikwisha kufa akiwa na miaka 60. Baba bado kijana. Mwana mzee yuko kaburini. Mishlinia anamkuta binti mfalme mwenye jina na sura ya mchumba wake Priska, na inamchukua muda mrefu wa maumivu kukubali kwamba huyu ni mwingine. Mmoja baada ya mwenzake wanarudi pangoni. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kinachonishika katika tamthilia hii ni kwamba muujiza umetokea kabla pazia halijafunguliwa, na kazi yote inayobaki ni ya kumtazama mtu akigundua ni uzi gani uliokuwa umemfunga duniani: kondoo, mtoto, mapenzi. Uzi ukikatika, kila mmoja anakuwa mtu mwingine mbele ya macho yetu. Kwangu mimi, dakika ile Marnush anapotajiwa umri wa mwanawe inazipita mashine zote za Wells.

Na sisi wa Kiswahili hatukuachwa nyuma katika shughuli hii, ingawa ni nadra kusifiwa kwayo. Katama Mkangi katika *Walenisi*, mwaka 1995, alimtia Dzombo aliyehukumiwa kifo ndani ya chombo cha angani, na hukumu ikageuka safari. Said Ahmed Mohamed alimrudisha babu kutoka kwa wafu aje kumsumbua mjukuu aliyelewa madaraka katika *Babu Alipofufuka*, mwaka 2001. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, *Pumzi*, ya mwaka 2009, inatupeleka Afrika Mashariki ya baada ya vita vya maji. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea kifurushi cha udongo wenye rutuba kisicho na jina la aliyekituma. Nani alikituma hatuambiwi. Mtu wa Garissa hahitaji kuelezwa sana mandhari ya filamu ile. Ni jilaal isiyofuatwa na gu', kiangazi kilichosahau kwamba kuna masika, na kila mwenye ng'ombe huku ameshauota mwaka kama huo.

Vijana wa siku hizi wanayapata mambo haya kwenye simu. *Dark*, tamthilia ya Kijerumani iliyotolewa na Netflix kuanzia Desemba 2017 hadi Juni 2020, nayo inaanzia pangoni. Katika mji wa Winden, mtoto Mikkel anapotea mwaka 2019 na kuibukia 1986, na fumbo la nani mtoto wa nani linasokotwa hadi mtazamaji anahitaji karatasi na kalamu. Mafumbo yake ni mazuri, lakini kilichonifanya nisilale ni Jonas. Huyu ni kijana mpole aliyefiwa na baba. Anakutana na mtu mzima aliyechoka, ambaye ni yeye mwenyewe wa baadaye. Mbele zaidi kuna mzee mwenye uso ulioharibika, naye pia ni yeye. Jonas anaapa hatafika kule. Msimu hadi msimu tunamwona akifika, hatua moja ya huruma ikizaa hatua moja ya ukatili, na hakuna mahali unapoweza kuweka kidole useme: hapa ndipo alipoharibika. Waandishi wengi wa hadithi za namna hii hulificha fumbo ndani ya mitambo. Hawa walilificha ndani ya mtu, na ndiyo maana lilidumu.

Nikirudi kwenye sura ile ya Ijumaa naona kwamba nusu ya pili ya elimu hii imo humo humo. Baada ya watu wa pangoni kinakuja kisa cha Musa na yule mja aliyepewa elimu, ambaye wengi tunamwita Khidr. Wanapanda jahazi, Khidr analitoboa. Wanakutana na kijana, Khidr anamuua. Wanafika katika mji uliowanyima chakula, Khidr anausimamisha ukuta uliokuwa karibu kuanguka, na hataki ujira. Kila mara Musa anashindwa kuvumilia, anauliza. Mwishoni anaelezwa: mbele ya jahazi lile kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima, na chini ya ukuta ilikuwapo hazina ya mayatima wawili. Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia. Hapa mwenye kujua yajayo anaushika ukuta na kuusimika kwa mikono yake. Hili ndilo fumbo la kweli la tamthilia za wakati. Mmoja anajua sura ya mwisho ya kitabu, mwingine ndiyo kwanza anafungua ya pili, na wanatembea pamoja. Mtazamaji ni Musa. Hasira yake ni ya haki, kwa sababu jahazi lililotobolewa linaingiza maji leo, na mfalme mporaji ni habari ya kesho. Na sura yenyewe haifumbui kila kitu. Walikuwa watatu pangoni, watano, au saba na mbwa wao wa nane? Idadi yao inaachwa kwa Mwenyezi Mungu. Muda wao umetajwa, miaka 300 na kuongezwa tisa, na wafasiri wengi wakaonyesha kwamba miaka 300 ya jua ni karibu sawasawa na 309 ya mwezi.

Hesabu hiyo haimtatizi mtu aliyezaliwa huku. Mfugaji wa Garissa, Wajir au Mandera hufunga Ramadhani kwa mwezi na kungoja mvua za gu' na deyr kwa jua, kalenda mbili zisizolingana ndani ya kichwa kimoja. Mtoto wake hufundishwa kutaja jina la babake, la babu, la baba wa babu, akaendelea kushuka vizazi vingi bila kukwama, na abtirsi ile humfikisha katika karne ambazo hakuna barabara inayofika. Kisha lipo daraja la Tana. Kwa miaka mingi mtu wa huku akivuka daraja kwenda Nairobi alisema anakwenda Kenya, na hakuwa akitania. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili. Vita vilivyoitwa vya Shifta vilimalizika mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ng'ambo ya mto watu walihesabu miaka ya uhuru. Upande huu mtoto aliweza kuzaliwa, kuoa na kupata watoto wake mwenyewe akiwa bado ndani ya Desemba ileile.

Na sasa nifike kwa kijana ambaye ndiye ninayemwona kila ninapofikiria tamthilia hizi. Simtaji jina kwa sababu wako maelfu. Mwaka 2011 mvua zilikataa, mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara, na Julai njaa ikatangazwa rasmi Somalia. Kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Kisomali, zilifurika. Katika foleni zile walisimama pia Wakenya wa vijiji vya karibu, kwani njaa haikuuliza mpaka uko wapi, na chakula kilikuwa huko. Mama mmoja alimshika mkono mwanawe wa miaka saba. Kidole kidogo, chenye vumbi kwenye mistari yake, kikafutwa kwa kitambaa, kikabonyezwa kwenye kioo cha mashine mara moja, mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikusoma. Wakapata kadi ya posho. Wakala. Mvua ilipotulia walirudi kwao. Miaka 11 baadaye mtoto amekuwa kijana, amemaliza shule, anakwenda kuomba kitambulisho. Kidole kilekile, kioo kingine. Karani anatazama kompyuta na kusema mfumo unaonyesha wewe ni mkimbizi.

Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna mkopo wa chuo, hakuna kazi, na kwenye kizuizi cha daraja unashushwa garini. Katika riwaya za kusafiri kwenye wakati, watunzi huhangaika kutafuta kosa dogo la zamani litakalopindua leo yote. Humfanya msafiri akanyage mdudu au amkwaze babu yake njiani. Huku hatukuhitaji kubuni. Kijana huyu amekutana na nafsi yake ya miaka saba ndani ya mashine, na ile nafsi ndogo, iliyokuwa na njaa, imemshinda nguvu. Nikimpa chombo cha Wells, je, atarudi 2011 amwambie mama, usinipeleke kwenye foleni ile? Akifaulu, hatakuwa na alama kambini. Pengine pia hatakuwa hai. Mama yule alifanya alichofanya Khidr. Alilitoboa jahazi ili lisiporwe, na jahazi likaokoka, ila tundu halijazibwa hadi leo. Na mama hakuwa na elimu ya mbele ya kumfariji mwanawe. Alijua tu kwamba mtoto analia.

Hapa ndipo ningependa kumwona mhusika akikua. Sitaki kijana shujaa anayepigana na mfumo na kushinda mahakamani katika sehemu ya mwisho. Namtaka yule anayerudi nyumbani jioni na jibu la karani, akamkuta mama anachemsha chai, na kwa mara ya kwanza maishani akamtazama akihesabu: alikuwa na umri gani siku ile? Huenda alikuwa na miaka 25, karibu rika lake yeye mwenyewe. Ghafla mama anakuwa msichana aliye peke yake katika foleni ndefu juani. Hakuna mashine iliyowashwa, lakini mtoto amesafiri, amemkuta mzazi wake akiwa kijana, na hawezi tena kurudi kuwa na hasira ileile. Nje ya jukwaa, Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa usaili wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitishwa kabla ya kupewa vitambulisho. Ni hatua kubwa na iliyochelewa. Usaili na daftari la wakimbizi, hata hivyo, ni vitu viwili.

Kenya iliwahi kujenga chombo cha kurudi nyuma. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikaa Garissa na Wajir mwaka 2011, wazee na wajane wakarudishwa kwenye mauaji ya Bulla Kartasi ya Novemba 1980 na ya uwanja wa ndege wa Wagalla ya Februari 1984, wakaeleza nani alisimama wapi na nani hakuonekana tena. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013. Ilifika Bungeni, ikalala. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa maovu ya zamani ya serikali. Wiki moja tu baadaye, alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na watu 148 wakapoteza maisha. Sijapata kumsikia mtu wa mji huu akiizungumzia alfajiri ile bila kuingia katika sarufi ya msafiri wa wakati: ningalijua, ningalimpigia, ningalimwambia abaki kwa shangazi. Mafumbo mengine yanasubiri kufumbuliwa, na mengine yanasubiri mtu atakayekaa kitako na waliofiwa bila kuwaeleza lolote. Mwandishi mzuri hana budi kuzitofautisha aina hizi mbili, na tamthilia nyingi za wakati huporomoka kwa sababu mtunzi anadhani kila jeraha ni kitendawili.

Basi ninyi mnaoandika huku Garissa, Ijara, Wajir na Mandera, na ninyi wa vyuoni mnaozitazama tamthilia hizi usiku mkiwa mmegawana simu moja, iandikeni hii ya kwetu. Msingoje mtambo wala nyaya zinazomulika. Jukwaa likiwa na jiko la makaa na benchi linatosha. Anzeni na foleni. Mpeni mama jina, mpeni umri wake wa siku ile, na msimfanye karani kuwa shetani. Iandikeni kwa Kiswahili cha Garissa, chenye hooyo na aabo na walaal ndani yake, mnavyokisema nyumbani. Na mkishamaliza sehemu ya kwanza, kabla hamjaipeleka popote, wasomeeni mama zenu.